Digrii Ina Majina Mengi: Tujifunze Kuisoma

KILA mwaka msimu wa mahafali ukifika, nyumba nyingi za Mwambao huingia furaha. Kijana aliyekwenda kusoma Nairobi, Kilifi au ng'ambo hurudi na joho, kofia ya pembe nne na karatasi iliyopigwa muhuri. Mama hufukiza udi, jirani huleta sinia la halua, na wazee husoma fatiha ya kushukuru.

Lakini baada ya kahawa huja swali. Babu huuliza, "Haya mjukuu wangu, umepita vipi?" Kijana hujibu, "Nimepata daraja la pili, babu. La juu."

Babu hunyamaza kidogo. Daraja la pili alijualo yeye ni behewa la gari la moshi, la abiria asiyekuwa na nauli ya daraja la kwanza. Nyanya naye hudakia kutoka ndani, "Wa pili katika wangapi?"

Vijana hucheka. Lakini, msomaji, swali la wazee si la kuchekwa. Wako watu wenye ofisi na kalamu wasioweza kulijibu sawasawa. Wako waliokoseshwa kazi kwa sababu aliyeishika karatasi yao hakujua kuisoma, na wako waliotukuzwa kwa jina ambalo halina uzito wadhaniwao.

Jambo hili latuhusu sisi watu wa Pwani zaidi ya wengi, kwa kuwa watoto wetu hufuata njia mbili za elimu. Mmoja huenda Nairobi au London, na nduguye huenda Misri au Madina. Wote wawili hurudi na shahada, na kila moja ina lugha yake.

MADARAJA YALITOKA WAPI

Mpango wa kugawa digrii kwa madaraja tumeurithi kwa Waingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Chuo Kikuu cha Oxford kiliweka mitihani migumu kwa wale waliotaka zaidi ya kupita tu. Aliyefaulu mitihani hiyo alipata digrii yenye heshima, na wenye heshima wakapangwa kwa madaraja. Aliyeridhika na mtihani wa kawaida alipata digrii ya kawaida, nayo ilikuwa digrii halali.

Leo katika vyuo vikuu vingi vya Kenya hesabu ni hii. Mwenye alama 70 na zaidi katika mia hupata daraja la kwanza. Kati ya 60 na 69 ni daraja la pili la juu. Kati ya 50 na 59 ni daraja la pili la chini. Kati ya 40 na 49 amepita.

Kwa hiyo nyanya na ajue kwamba mjukuu wake hakushindana na mtu na kuachwa nyuma. Katika darasa moja wanaweza kupata daraja la pili la juu watu 30, na daraja la kwanza asipate hata mmoja. Daraja si nafasi ya mbio, ni kipimo cha alama. Na hilo la pili la juu ndilo ambalo aghalabu humfungulia mtu mlango wa kusoma shahada ya uzamili.

Tena na ajue kwamba si kila digrii ina madaraja. Wanaosomea udaktari wa kutibu watu, kwa kawaida digrii yao ya kwanza haipangwi hivyo. Mtu asimdharau daktari kijana kwa kuwa karatasi yake haikutaja daraja.

Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Tunaposema "shahada ya heshima" tunachanganya vitu viwili. Iko digrii ambayo mwanafunzi ameitolea jasho, akafanya mitihani, akapata heshima kwa alama zake. Na iko digrii ambayo chuo humtunukia mtu mashuhuri kwa kuthamini kazi yake kwa umma, bila ya mtihani. Zote ni heshima, lakini ya kwanza imesomewa, na ya pili imetunukiwa. Mwenye kuchanganya hizi mbili humdhulumu aliyekesha na kitabu.

Hata huko kwao madaraja hayakukaa pale pale. Oxford iliwahi kuwa na daraja la nne, likafutwa. Na hadi miaka ya 1980 haikuligawa daraja la pili kuwa la juu na la chini. Basi mzee aliyehitimu huko mwaka 1965 na karatasi yake imeandikwa "daraja la pili" pekee, asiulizwe la juu au la chini. Katika zama zake mgawanyo huo chuoni mwake haukuwako.

JINA MOJA, MIZIGO MBALIMBALI

Tukitoka kwenye madaraja tukaja kwenye majina yenyewe, mambo huzidi kutatanisha.

Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alihitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1952 na kupata M.A. Kwetu sisi M.A. ni digrii ya pili. Lakini katika vyuo vikuu vya kale vya Scotland, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, M.A. ni jina la digrii ya kwanza katika masomo ya sanaa. Basi asemaye kuwa Mwalimu alikuwa na M.A. amesema kweli, na asemaye kuwa hiyo ilikuwa digrii yake ya kwanza naye amesema kweli. Kabla ya hapo Mwalimu alikuwa na stashahada ya ualimu kutoka Makerere.

Ukishuka kusini hadi Oxford na Cambridge utakuta ada nyingine. Huko mwenye B.A., miaka kadhaa ikipita, huweza kupewa M.A. bila ya kukaa mtihani mwingine wowote. Oxford huhesabu mihula 21, yaani miaka saba, tangu mtu alipoandikishwa chuoni. Ni cheo cha ukubwa katika chuo, kama kijana anavyohesabiwa mtu mzima umri ukifika. Si kazi sawa na ya yule aliyerudi darasani akaandika tasnifu.

Na udaktari? Vyuo vingi huandika Ph.D., ila Oxford huandika D.Phil. Herufi zimepinduliwa, lakini elimu ni ya ngazi ile ile. Asije mtu akadhani kwamba moja ni pungufu ya nyingine.

Kisa cha Marekani ndicho kinachoonyesha wazi kuliko vyote kwamba jina laweza kubadilika na elimu ikabaki pale pale. Zamani mwanasheria wa huko alipewa LL.B., digrii ya kwanza kwa jina, ingawa wengi wao walikuwa wameshapata digrii nyingine kabla ya kuingia shule ya sheria. Walilalamika: vipi mtu asome miaka saba atoke na digrii mbili za ngazi ya chini? Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimeanza kutoa jina la J.D. tangu mwaka 1902. Katika miaka ya 1960 shule nyingi zikafuata, na Yale, iliyokuwa miongoni mwa za mwisho, ikabadilisha mwaka 1971. Wengi waliokwisha kuhitimu waliruhusiwa kubadilisha karatasi zao. Mtu alilala na LL.B., akaamka na J.D., na hakuongeza hata ukurasa mmoja wa kusoma.

HAPA KWETU

Tusiwacheke wageni. Sisi wenyewe tumebadilisha majina mara nyingi, na waliolipa gharama ni wenye karatasi za zamani.

Tangu mwaka 1949 Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Mwanafunzi alisoma Kampala, lakini digrii ilitoka London. Marehemu Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Kenya, alihitimu Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza katika uchumi, nayo ilikuwa digrii ya London.

Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kikakusanya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 kikavunjwa, kila nchi ikashika chake. Basi wako wazee wenye digrii za chuo kikuu ambacho leo ukikitafuta katika orodha ya vyuo hukioni. Mtoto wa ofisini aliyezaliwa juzi akiiona karatasi hiyo huweza kudhani ni ya kughushi. Kumbe ni ya halali kuliko nyingi azijuazo yeye.

Kisha angalia miaka ya masomo. Katika mpango wa zamani mwanafunzi wa Kenya alisoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya juu, kisha mitatu ya chuo kikuu. Mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliondoa ile miwili na kuongeza mwaka chuoni, na wanafunzi wake wa kwanza wakaingia vyuo vikuu mwaka 1990. Wa zamani ana B.A. ya miaka mitatu, na mdogo wake ana B.A. ya miaka minne. Ukitazama chuo pekee utasema mdogo amemzidi kaka. Ukihesabu njia nzima utakuta kila mmoja amekaa darasani miaka 16. Na mpango mpya ulioanza mwaka 2017 umekusudia kuirudisha ile miaka mitatu ya chuo kikuu, kwa hiyo mabishano haya watayarithi wajukuu.

Mfano wa karibu zaidi uko hapa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palifunguliwa chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojulikana na wengi kwa herufi za MIOME. Kilijengwa kwa msaada wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kiwanja ni kile kile. Lakini baba ana cheti cha MIOME, mwana ana stashahada ya Polytechnic, na mjukuu ana digrii ya chuo kikuu. Wakiziweka karatasi tatu mezani, mgeni hatajua kuwa zimetoka katika lango moja.

NJIA YA PILI

Tuje sasa upande wa vyuo vya Kiislamu, ambako wengi wetu hudhani mambo hayakubadilika.

Wazee wetu hawakuwa na digrii. Walikuwa na ijaza. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikhe, akakisoma kitabu mlango kwa mlango, na sheikhe aliporidhika alimpa idhini ya kukisomesha. Ijaza ilitaja mwalimu ni nani, naye alisoma kwa nani, na kitabu ni kipi. Haikutolewa na jengo, ilitolewa na mtu.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alikuzwa katika njia hiyo. Alisoma Mombasa kwa wazee wake, na Unguja kwa mabingwa kama Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Ukiuliza digrii yake hutaipata. Ukiuliza walimu wake, umeshajua elimu yake.

Lakini hata Al-Azhar, mama wa vyuo vyetu, ilibadilika. Mwaka 1872 Misri ilitunga kanuni kwamba atakaye kusomesha pale akae mtihani wa fani 11 mbele ya jopo la wanazuoni. Waliofaulu waligawanywa katika daraja la kwanza, la pili na la tatu. Basi anayedhani kuwa madaraja ni ya Waingereza peke yao na ajue kuwa wanazuoni wa Azhar nao walipangwa hivyo kabla babu zetu hawajazaliwa. Shahada hiyo ya uanachuoni ikajulikana kwa jina la alimiyya.

Ikaja sheria ya mwaka 1961. Azhar ikaongezewa vitivo vya utabibu, uhandisi, kilimo na vinginevyo, na shahada zake zikalinganishwa na za vyuo vingine vya Misri. Hata hivyo majina ya kale hayakutupwa, bali yaliandikwa bega kwa bega na mapya. Ijaza ya juu ikalinganishwa na lisansi, yaani digrii ya kwanza. Takhasusi ikalinganishwa na majistiri, ya pili. Na alimiyya ikawa sawa na dukturaa, yaani udaktari.

Yaone sasa matatizo yake. Sheikhe aliyehitimu zamani ana alimiyya, na kijana wa leo naye ana alimiyya. Neno ni moja, lakini ya kwanza ilitolewa katika utaratibu mmoja na ya pili katika utaratibu mwingine. Na kijana arudiye na ijaza ya juu huweza kuambiwa na karani asiyejua, "Hiki ni cheti cha madrasa." Kumbe ni digrii ya miaka minne! Kwa neno moja lisilofahamika, mtu huandikwa mshahara wa mwenye cheti au hunyimwa nafasi ya kuendelea na uzamili.

Daraja nazo zina majina yake. Mumtazi ni bora kabisa. Jayidi jiddan ni vizuri sana. Jayidi ni vizuri. Makbuli ni aliyekubaliwa, yaani amepita. Na juu ya hayo Wamisri huongeza martaba ya sharafu kwa aliyefanya vizuri mfululizo miaka yote. Sharafu ni nini ila heshima? Ndiyo heshima ile ile ya Oxford, imevaa kilemba.

KIJANA WA DARAJA LA TATU

Nimemtaja Sheikh Al-Amin. Sasa nimtaje mwanawe, kwani kisa chake ni dawa kwa kila mzazi aliyevunjika moyo.

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule ya sekondari alipata daraja la tatu. Kwa daraja hilo Makerere haikumchukua. Akaajiriwa ukarani pale pale MIOME.

Mlango wake ulifunguka kwa njia nyingine. Alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na Gavana wa Kenya wa wakati huo, Sir Philip Mitchell, akaisikia na kupendezwa na akili ya kijana. Ukapatikana msaada wa masomo. Akaenda Uingereza, akamalizia masomo ya sekondari Huddersfield, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1960 akahitimu B.A. kwa sifa ya juu. Mwaka 1961 akapata M.A. ya Columbia, Marekani. Mwaka 1966 akapata udaktari wa Oxford.

Msomaji sasa aweza kuzisoma karatasi hizo mwenyewe. M.A. ya Columbia ni ya kusomea, si ile ya Oxford ya kungoja miaka wala ile ya Scotland ya kuanzia. D.Phil. ya Oxford ni Ph.D. kwa jina la huko.

Na Makerere, iliyomwona hafai kuwa mwanafunzi, ikamfanya profesa wake. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu, akiwa mmoja wa wanazuoni wa Afrika wanaojulikana mno duniani.

Sisemi kuwa daraja halina maana. Lile la tatu lilisema kweli juu ya siku ile ya mtihani. Lakini halikusema lolote juu ya miaka 60 iliyofuata.

TUFANYE NINI

Kwanza, tukiletewa karatasi tuulize maswali matatu: nani ameitoa, lini, na baada ya kusoma nini kwa muda gani. Haya ndiyo yaliyokuwa yakijibiwa na ijaza ya wazee wetu. Karatasi za leo zina nembo nzuri na dhahabu pembeni, lakini aghalabu majibu hayo yamo katika karatasi ya pili, ile ya orodha ya masomo na alama. Hiyo isitupwe wala isiachwe chuoni. Kijana anayesoma nchi za Kiarabu aichukue kabla ya kupanda ndege, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa.

Pili, tusibishane barazani mambo yenye pa kuulizwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 iliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kazi ya kutambua na kulinganisha digrii za nje. Sheria ya mwaka 2014 nayo ikaanzisha mfumo wa taifa wa ngazi 10 za elimu, ya juu kabisa ikiwa ya udaktari. Mwenye lisansi ya Misri au Madina asingoje mpaka siku ya mahojiano ya kazi. Alinganishiwe mapema, apate barua mkononi.

Tatu, wenye kuajiri wawasikilize wazee. Akija mtu na karatasi ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki au ya Polytechnic, chuo kimebadilika jina, mtu hakubadilika.

Na wewe babu, mjukuu wako akikuambia amepata daraja la pili la juu, usifikirie gari la moshi. Mpe mkono, umwombee dua, kisha umuulize swali ambalo wazee wetu waliwauliza wenye ijaza: "Haya mwanangu, umesoma kwa nani, na sasa utamsomesha nani?"